Kuchagua Programu ya Huduma kwa Wateja: Somo kwa Mwenye Biashara Ndogo

Somo la toleo hili linawahusu wenye maduka, mafundi na vikundi vya wajasiriamali ambao wateja wao wamekwisha kuwa wengi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Linamhusu pia mkazi asiye na biashara yoyote ila hununua, kwa sababu ndiye anayeambiwa "fundi anakuja kesho", na kesho hiyo isifike.

Programu ya huduma kwa wateja ni mfumo wa simu au kompyuta unaopokea maswali, maombi na malalamiko ya wateja, ukayaweka mahali pamoja, na kuonyesha nani anashughulikia lipi na tangu lini. Zipo nyingi sokoni, za bure na za kulipia, na matangazo yake siku hizi humfikia hata mwenye duka la chumba kimoja. Wanaoziuza hueleza kwa kirefu yale ambayo programu inaweza kuyafanya. Ni nadra kumsaidia mnunuzi kutambua yapi kati ya hayo anayahitaji, na kazi hiyo ndiyo tunayoifanya hapa.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Duka lipo makao makuu ya tarafa. Linauza na kufunga mitambo ya umeme wa jua: paneli, betri, taa na pampu ndogo za umwagiliaji. Lina mwenye duka, karani mmoja, na mafundi wawili wanaozunguka vijijini kwa pikipiki. Duka hili ni la kubuni, lakini kila auzaye kitu chenye dhamana atajiona ndani yake. Siku ya mauzo mteja hulipa, hupewa risiti na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja, na pande zote mbili huagana kwa furaha. Miezi kumi na moja baadaye, mama mmoja anayeuza juisi na maji baridi anapiga simu kusema kwamba betri yake haifiki hata saa tatu usiku. Simu inapokewa na fundi aliye juu ya paa katika kijiji kingine. "Sawa mama, nitapita," anajibu. Hana nia mbaya. Hana tu mahali pa kuandika. Wiki inayofuata mama anampigia karani. Karani hana habari, naye anaahidi kumuuliza fundi. Mara ya tatu mama anapanda gari na kufika dukani mwenyewe, nauli juu yake, akamkuta mwenye duka ambaye analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kufikia siku hiyo mwaka wa dhamana umepita kwa siku nne, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mteja alilalamika ndani ya muda.

Tazama kilichopotea hapo. Wahudumu wote watatu walikuwa waungwana, simu zilipokewa, na majibu yalitolewa kwa lugha njema. Kilichokosekana ni kumbukumbu moja ambayo wote watatu wangeweza kuisoma. Programu yoyote utakayoichagua ipimwe kwanza kwa kipimo hicho: je, ingemwokoa mama huyu?

Kadi ya kliniki ya tatizo

Watengenezaji wa programu hizi huliita kila jambo la mteja "tiketi". Neno hilo huwachanganya wengi wanaofikiria basi au mpira, ilhali kitu chenyewe tunakifahamu sote. Kila mzazi anaijua kadi ya kliniki ya mtoto. Imeandikwa uzito, chanjo zilizotolewa, na tarehe ya kurudi. Muuguzi aliyempima mtoto mwezi uliopita akihamishwa, muuguzi mgeni huifungua kadi na kuendelea pale pale mwenzake alipoishia, na mzazi halazimiki kusimulia upya tangu siku ya kujifungua.

Tiketi ni kadi ya kliniki ya tatizo la mteja. Ina namba yake, jina na simu ya mteja, tarehe ya kwanza aliposema, maelezo ya tatizo, jina la mhudumu aliyekabidhiwa, kila hatua iliyochukuliwa, na hali yake: ipo wazi, inasubiri kifaa, au imefungwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Kadi ya kliniki huishika mzazi. Tiketi hubaki kwa muuzaji. Ndiyo maana mteja anapaswa kupewa namba ya tiketi yake, hata kama ni kwa kuandikiwa nyuma ya risiti. Mengine yote yanayotangazwa, kama vile rangi, grafu na vikaragosi vya tabasamu, ni nyongeza, na mara nyingi bei hupanda kwa ajili ya nyongeza hizo.

Wiki tatu za daftari

Kabla ya kupakua programu yoyote, nunua daftari kubwa la kaunta. Kwa wiki tatu, kila jambo la mteja linaloletwa liandikwe mstari mmoja: tarehe na saa, jina, namba ya simu, njia aliyoitumia, anachotaka, nani amelichukua, na siku lilipokwisha. Fundi aliye kijijini atume ujumbe mfupi kwa karani, naye karani ataandika. Kazi hii inachosha, na wengi huiacha siku ya nne. Anayeshindwa kuandika mstari mmoja kwenye daftari hatajaza visanduku sita kwenye simu, kwa hiyo hata kushindwa huko ni jibu, tena limepatikana kwa gharama ya daftari tu.

Wiki tatu zikiisha, kaa chini uhesabu. Pengine utagundua kwamba nusu ya simu zote ni za kuuliza bei ya paneli au saa za kufungua duka. Dawa ya hilo ni ubao wa bei ulioandikwa vizuri na ujumbe mmoja ulioandaliwa tayari. Pengine utaona kwamba mambo yanayosahaulika ni yale tu yanayoanzia kwa fundi mmoja. Hilo ni suala la kuzungumza na fundi. Kwa maoni yetu, duka linalopokea mambo yasiyozidi kumi kwa siku, na linalojibiwa na mtu mmoja, halina sababu ya kununua chochote. Daftari lake liendelee. Haja ya programu huanza pale wanaojibu wanapokuwa wawili au zaidi na hawaketi chumba kimoja.

Hesabu muhimu kuliko zote ni ya njia wanayoitumia wateja. Nyingi ya programu hizi zinazovuma duniani zilianzia mbali na mazingira yetu. Zendesk ilianzishwa Copenhagen, Denmark, mwaka 2007. Freshdesk ilianzia Chennai, India, mwaka 2010. Zote zilikulia katika biashara ambazo wateja wake huandika barua pepe, na ingawa leo zinapokea njia nyingine, mpangilio wake bado una harufu ya barua pepe: ujumbe huingia wenyewe, tiketi hujifungua yenyewe. Mteja wa duka letu la umeme wa jua hupiga simu ya sauti, mara nyingi kwa simu ya kitochi, au huja mwenyewe siku ya gulio. Maneno yake hayataingia kwenye mfumo wowote mpaka mtu ayaandike. Basi swali la kwanza kwa muuzaji wa programu liwe hili: karani akipokea simu ya sauti, atatumia muda gani kufungua tiketi kwa mkono, akiwa anatumia simu yake na siyo kompyuta? Ikizidi dakika moja, hataifanya wakati duka limejaa watu.

Laini ni ya nani?

Lipo jambo moja linalotangulia uchaguzi wa programu, na aghalabu halizungumzwi. Ni laini ya simu ambayo wateja wanaijua.

Katika maduka mengi namba iliyochorwa ukutani imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha mtu binafsi, na mtu huyo si lazima awe mwenye duka. Ni karani wa kwanza, au mpwa aliyekuja kusaidia likizo. Akaunti ya WhatsApp nayo imefunguliwa kwa namba hiyo hiyo. Siku anapoondoka, kwa wema au kwa ugomvi, anaondoka na miaka ya mazungumzo, namba za wateja, picha za kadi za dhamana, na ahadi zote ambazo hazijatimizwa. Wateja wataendelea kumpigia yeye. Akifungua duka lake mtaa wa pili, watamfuata bila kujua kwamba wamehama.

Hakuna programu itakayoponya kosa hilo. Rekebisha kwanza. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la biashara yenyewe kama imesajiliwa kisheria, au kwa jina la mwenye duka. Kila mmoja anaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#, na ni vyema mwenye duka akafanya hivyo kabla ya kuchora namba ukutani. Simu yenye laini hiyo ilale dukani. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, na zile tarakimu sita za siri azishike mwenye duka pamoja na barua pepe ya kuzirejesha. Kwa kikundi, katibu na mweka hazina wote wawili wazijue, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Kutoka daftari hadi mfumo kamili

Hatua inayofuata daftari ni jedwali la Excel au la Google Sheets, ambalo watu kadhaa hulisoma na kulijaza kutoka simu zao. Halina gharama zaidi ya bando. Lina safu zile zile za daftari, na lina faida ambayo daftari haliwezi kuitoa: unaweza kutafuta kwa namba ya simu, na kuyapanga mambo yaliyo wazi yakatangulia. Udhaifu wake ni kwamba halimkumbushi mtu. Linataka asubuhi ya kila siku karani alifungue na kusoma yaliyo wazi kwa sauti mbele ya mafundi kabla pikipiki hazijaondoka. Duka la mfano wetu lingeweza kuishi na jedwali hilo kwa mwaka mzima au zaidi, na mama wa juisi angepata betri yake.

Njia ambayo wengi huifikia bila kupanga ni WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, nayo ni ya bure. Wengi wanayo, ila huitumia kama ile ya kawaida. Ina lebo za rangi unazoweza kuzibandika kwenye mazungumzo: "inasubiri fundi", "dhamana", "imekwisha". Ina majibu ya haraka hadi 50, unayoyaandika mara moja na kuyaita kwa neno fupi. Ina orodha ya bidhaa zenye picha na bei, na ujumbe wa kujibu wenyewe duka likiwa limefungwa. Akaunti moja huunganishwa na vifaa vingine visivyozidi vinne, hivyo karani na mafundi wawili wanaweza kuona mazungumzo yale yale. Kumbuka tu kwamba simu mama isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo hukatwa.

Mipaka yake ijulikane mapema. Ujumbe wa jumla kupitia orodha ya usambazaji huwafikia wale tu walioihifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Simu za sauti za kawaida na wateja wa kitochi hawamo kabisa, hivyo daftari au jedwali lazima liendelee pembeni. Na lebo haina macho: "inasubiri fundi" inaweza kukaa miezi mitatu kama hakuna anayeipitia.

Kuna pia huduma ya WhatsApp ya kulipia, iliyotengenezwa kwa biashara zinazounganisha namba yao na mfumo mkubwa. Huko kuna kanuni inayowashangaza wengi. Mteja akishakuandikia, una saa 24 za kumjibu kwa maneno yako mwenyewe. Zikipita, unaruhusiwa kumtumia ujumbe wa muundo ulioidhinishwa tu, ambao kwa kawaida hutozwa. Fundi anayesubiri betri kutoka Dar es Salaam kwa siku tano atakutana na ukuta huo. Anayekuuzia mfumo akuoneshe jinsi jambo hilo linavyoshughulikiwa, na ni kiasi gani utalipa.

Kisha kuna mifumo kamili, yenye tiketi, zamu za wahudumu, vikumbusho na taarifa za mwezi. Hii hutozwa kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi, na kwa dola. Hesabu yake ifanywe kwa mwaka, kwa sababu bei ya mwezi hudanganya jicho. Tuseme mpango ni dola 15 kwa mtumiaji kwa mwezi, na watumiaji ni watatu. Hiyo ni dola 45 kwa mwezi, dola 540 kwa mwaka. Kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 1,350,000, bila makato ya kadi ya benki, kodi wala bando. Ukimwongeza fundi wa nne, unaongeza shilingi 450,000. Na shilingi ikishuka, bili hupanda bila duka kuuza taa moja zaidi. Sasa lijilinganishe duka: fedha hizo ni betri ngapi za dhamana ambazo lingeweza kuzibadilisha bila ubishi?

Baadhi ya kampuni hutoa mpango wa bure kwa watumiaji wachache. Ni mlango mzuri wa kujifunzia, mradi ujue ni kipengele gani kinachokulazimisha kulipa, kwani mara nyingi ndicho utakachokihitaji mwezi wa tatu. Zipo pia programu huria kama osTicket, ambazo hazina ada ya leseni. Programu ni ya bure; seva ya kuiwekea si ya bure, na mtu wa kuitunza anahitaji ujuzi. Tunawajua vijana hodari katika kata zetu wanaoweza kuifunga kwa siku moja. Swali ni nani ataiendesha kijana huyo akipata ajira Dodoma.

Neno kwa vikundi vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: ada ya programu ni matumizi ya kila mwezi yasiyokoma, si mtaji. Isilipwe kutoka fedha za mkopo. Kama faida ya mwezi haiwezi kuibeba, wakati wake haujafika.

Siku za majaribio

Mifumo mingi ya kulipia hutoa siku za kujaribu bila malipo, mara nyingi 14. Wengi huzitumia kutazama picha na kubofya vitufe. Zitumie kwa kazi. Chukua mambo matano halisi kutoka daftari lako la wiki tatu, likiwemo lile lililokuletea aibu, uyapitishe kwenye mfumo tangu mwanzo hadi mwisho.

Anayejaribu awe karani, asiwe mtoto wa mwenye duka aliyesoma kompyuta chuoni. Ajaribu kwa simu ya bei ya chini kuliko zote zilizopo dukani. Ajaribu siku ambayo mtandao ni wa kusuasua, na umeme ukiwa umekatika, aone kama alichokiandika kinahifadhiwa mpaka mtandao urudi au kinapotea. Ajaribu kumtafuta mteja kwa tarakimu nne za mwisho za simu, maana kwa jina la Mwajuma au Juma atapata orodha ndefu. Fundi naye, akiwa kijijini, ajaribu kufunga tiketi kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika bisibisi. Ikiwa menyu zote ni za Kiingereza na karani hakifahamu vizuri, asiahidiwe kwamba atazoea. Atabonyeza kitufe asichokielewa siku ambayo huna muda wa kumsaidia.

Na siku ya kwanza kabisa ya majaribio, kabla hujaupenda mfumo huo, jaribu kuondoka. Tafuta mahali pa kutolea kumbukumbu zote za wateja katika faili linalofunguka kwenye Excel. Lifungue. Je, kuna majina, namba, tarehe na maelezo ya kila hatua, au ni majina matupu? Kama huduma ya kutoa kumbukumbu inapatikana kwa mpango wa bei ya juu tu, fahamu kwamba ukishaweka wateja wako humo, bei yoyote watakayokutoza mwakani utailipa. Kwa mtazamo wetu hili peke yake linatosha kuukataa mfumo, hata kama mengine yote yanapendeza.

Ujihadhari pia na vipimo ambavyo mfumo utakuonesha. Kipimo kinachopendwa sana ni muda wa jibu la kwanza. Ujumbe wa "Asante kwa kuwasiliana nasi" unaojituma wenyewe hukifanya kipimo hicho kiwe sekunde mbili, na mama wa juisi bado yuko gizani. Kipimo cha kufuatilia ni siku zilizopita tangu mteja aliposema hadi yeye mwenyewe alipokubali kwamba tatizo limekwisha.

Roboti na majibu yake

Mifumo mingi sasa huja na roboti ya kujibu wateja kwa akili bandia. Baadhi hujibu kwa Kiswahili kinachosomeka. Kabla ya kuiwasha, ipe ujumbe kama wateja wako wanavyouandika kwa kweli, kwa vifupisho, bila nukta, na kwa maneno ya kwetu: "betr aishki chaji tng jumapil". Ukiridhika na majibu, bado kuna swali la ahadi. Roboti ikimwambia mteja kwamba dhamana ni ya miaka miwili, nani atailipa?

Jambo hilo limekwisha kuamuliwa kwingineko. Februari 2024, baraza la usuluhishi wa madai katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria dhidi ya shirika la ndege la Air Canada. Roboti kwenye tovuti ya shirika ilimweleza abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari, kinyume na utaratibu halisi wa shirika. Shirika lilijitetea kwa hoja iliyomaanisha kwamba roboti ilijibebea dhamana yake yenyewe. Baraza lilikataa, likasema shirika linawajibika kwa yote yaliyo kwenye tovuti yake, na likaliamuru kumlipa abiria jumla ya dola za Kanada zaidi ya 800, zikiwemo riba na ada. Uamuzi wa Kanada hauzifungi mahakama zetu, ila mwenye duka hahitaji mahakama kumwambia kwamba mteja wa kijijini atamdai yeye. Kwa biashara yenye watu wanne, roboti ibaki na saa za kufungua na mahali duka lilipo. Dhamana, bei na tarehe ya fundi yajibiwe na mtu.

Taarifa za wateja ni amana

Kumbukumbu hizi ni majina ya watu, namba zao, vijiji vyao, na pengine picha za nyumba zao zikionesha paneli ilipo na mlango uliopo karibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali linaloelezwa, zisizidi haja, na zilindwe. Inataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wasajiliwe na Tume. Na inaweka masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa kuwa mifumo mingi ya kulipia huhifadhi kumbukumbu kwenye seva zilizo nje, muulize muuzaji seva zipo wapi, na upate jibu lake kwa maandishi.

Kwa vitendo, usiombe nakala ya kitambulisho cha taifa kwa mteja anayelalamikia taa. Kamwe usimwombe namba ya siri ya huduma ya fedha kwa simu, na waambie wateja wako wazi kwamba hutaiomba, ili anayejifanya mhudumu wako atambulike. Mhudumu akiacha kazi, ruhusa yake ya kuingia kwenye mfumo ifungwe siku hiyo hiyo. Katika mfumo unaotoza kwa mtumiaji, kusahau jambo hilo kunakugharimu pia fedha.

Kwa mkazi anayenunua

Unaponunua kitu chenye dhamana, dai risiti ya mashine ya EFD na uitunze pamoja na kadi ya dhamana. Piga picha zote mbili, kwani maandishi ya risiti hufifia. Ukipeleka lalamiko kwa simu, fuatisha ujumbe mfupi wenye tarehe na maneno machache: "Betri niliyonunua kwenu tarehe fulani haishiki chaji, nimempigia fundi leo." Ujumbe huo ndio kadi yako ya kliniki hata kama duka halina mfumo wowote. Omba namba ya lalamiko. Wakikuuliza namba gani, waombe waandike jina lako kwenye daftari ukiwaona. Mgogoro ukishindikana kumalizwa dukani, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji, na ushahidi wa tarehe utakuwa na uzito kuliko maelezo ya mdomo.

Mwenye biashara anayetaka kujadili uchaguzi wake afike kwa Afisa Biashara katika ofisi za Halmashauri, na vikundi vianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Njoo na daftari la wiki tatu, hesabu ya gharama ya mwaka mzima kwa shilingi, na lile faili la kumbukumbu ulilolitoa siku ya kwanza ya majaribio.